Raundi ya Fergus

"Hivi humu ndani kumekufa nini?"

Tamsin aliuliza hivyo akiwa bado mlangoni, skafu shingoni. Watu tisa waligeuka, wakamtazama, wakarudi kwenye glasi zao.

Alikuwa ametumwa jambo dogo tu. Mama yao alikuwa anatimiza miaka sitini, mwana-kondoo yuko tanurini, shangazi wameshafika kutoka Geelong, na Fergus hapokei simu. "Kamtoe kaka yako kwenye mabia yake," mama alisema, "na saa moja muwe mezani." Basi Tamsin akapanda tramu ya barabara ya Sydney Road, pale Melbourne, akashuka mtaa wa Brunswick, akakata vichochoro vya maghala ya zamani hadi kwenye baa aliyoitaja Fergus. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, Jumamosi ya Julai, katikati ya majira ya baridi ya kule. Giza lilikuwa linaingia, na baridi ilimtafuna masikio.

Fergus ni fundi umeme, mtu mwema, ila alikuwa na wazimu mmoja. Alijiapiza kuonja bia ya kila kiwanda kidogo cha kaskazini mwa Melbourne, na kila aliyoionja aliipa alama kwenye simu. Wako wengi wa namna hiyo mjini pale, vijana wa ndevu na kofia za sufu, wanaozungusha glasi chini ya pua kama wanasali. Wamefundishana kusifu uvundo. Bia ikinuka soksi, wanasema ina tabia. Ikinuka zizi la farasi, wanafumba macho kwa raha. Mwenye pua ya kawaida angetoka mbio. Wao wanaongeza alama.

Ndiyo maana pale hakuna aliyekuwa ametoka mbio.

Harufu ilikuwa nzito, tamutamu, kama bandeji iliyokaa wiki nzima juu ya kidonda. Chini yake kulikuwa na maziwa yaliyoganda. Na chini kabisa... kitu cha mtu. Kikwapa. Godoro la mgonjwa.

"Tam! Njoo uonje," Fergus aliita kutoka kaunta. "Hii nimeipa tisa na nusu. Mimi! Tisa na nusu!"

"Siwezi kunywa, natumia dawa za jino linaloniuma. Na hata nisingekuwa natumia, Ferg, hii inanuka maiti."

"Ni chachu ya porini hiyo, dada. Hainunuliwi dukani. Inanaswa."

"Inanaswa wapi?"

Fergus akazamisha pua kwenye glasi.

Nyuma ya kaunta yalisimama mapipa manne ya mbao. Matatu yaliandikwa kwa chaki: MERVYN. JOSLYN. KEIR. La nne lilikuwa limegeuziwa ukutani. Mzee mmoja mwenye aproni ya ngozi alikuwa akifuta glasi kwa mikono minene, yenye majimaji.

"Karibu, binti," alisema kwa sauti ya chini. "Leo tunamnywa Joslyn. Amekomaa vizuri."

"Asante," sauti ya mwanamke ikajibu kutoka pembeni. Kwa haya, kama aliyesifiwa mapishi.

Tamsin akageuka.

Mwanamke alikuwa amefunga koti hadi kidevuni. Ngozi ya mashavu yake ilining'inia, kama kilichokuwa ndani kimemiminwa. Juu ya kola, pale shingoni, palikuwa na utando mweupe. Kama ule wa maziwa yaliyochemshwa yakasahaulika. Na ule utando ulikuwa... unatutumka.

Tip.

Kiputo kimoja kikapasuka.

Tamsin akamshika kaka yake mkono. "Tunaondoka. Sasa hivi."

"Siwezi."

"Mama anakusubiri!"

"Tam, Jumamosi tatu nimekunywa za wenzangu. Leo ni raundi yangu, zamu yangu ya kutoa."

Ungekuwa mtu wa kule, ungeelewa. Kule mtu anaweza kumwacha mkewe, akaacha na kanisa, na watu wakamsamehe. Lakini unywe raundi za wenzako, kisha utoweke zamu yako ilipofika? Utasemwa hadi siku ya mazishi yako. Hakuna aliyemfungia Fergus. Mlango ulikuwa wazi kabisa, upepo unaingia. Hilo ndilo lililomchefua Tamsin kuliko harufu yenyewe.

"Basi walipie, twende."

"Hapa hatulipi kwa pesa, binti," mzee alinong'ona. "Kila mtu anajitoa."

Akaligeuza pipa la nne. FERGUS. Maandishi yalikuwa mapya. Akaweka juu ya kaunta chupa ya maji ya kimea, ya kulishia chachu, na kijiko cha mti, kile cha kukwangulia ukoko. Fergus alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya shati. Hakuambiwa na mtu. Katikati ya mgongo wake palikuwa na baka jeupe, pana kama kiganja, linang'aa kwa unyevu.

"Ferg! Umeuona mgongo wako?"

"Hauumi," alisema, macho chini. "Unawasha tu kidogo."

Hapo hasira ikampanda Tamsin kuliko hofu. "Hamna haya nyie? Mnamkwangua mtu yuko hai, mnamnywa, halafu mnampa alama?"

"Dada yako ana mdomo, Fergus," mwenye ndevu mmoja alisema. "Huyu akichachuka atakuwa mkali."

Wakacheka. Cheko laini, la majimaji.

Tamsin alikuwa bingwa wa midahalo chuoni kwake. Kazi yake ilikuwa kutafuta tundu katika maneno ya mwenzake na kupita hapohapo.

"Mwingine anaweza kuichukua raundi yake?"

Kijiko kikasimama hewani.

"Baa zote za mji huu zinaruhusu," aliendelea. "Mtu akiishiwa, nduguye anasema, hii naichukua mimi. Au kwenu hakuna taratibu?"

Mzee akawatazama wenzake. "Ndivyo ilivyo," Joslyn alisema polepole. "Inaruhusiwa."

"Basi naichukua mimi. Nimeshasema. Mrudishieni shati lake."

Kwake yeye yale yalikuwa maneno tu. Angesema, angetoka, asingerudi tena. Wangemfanya nini? Jukwaani, hoja ile ingepigiwa makofi.

Na pale ilipigiwa makofi. Wote tisa walipiga, taratibu, kwa viganja vilivyolowa. Plap... plap... plap...

Mzee akanyoosha mkono. Tamsin akaushika, kwa kuwa mdahalo ukiisha mshindi humpa mkono aliyeshindwa, na mazoea hayasubiri akili. Kiganja kilikuwa cha moto. Laini kama unga uliokandwa. Alipouvuta mkono wake, nyuzi nyeupe zikafuatana nao.

Walifika nyumbani saa moja na dakika kumi. Fergus alikula nyama mara mbili, akamwimbia mama yao. Kufikia Jumatano mgongo wake ulikuwa umekauka, safi kama wa mtoto.

Jumatatu mchana Tamsin alikuwa amerudi kule kichochoroni. Alikuta ghala la vigae. Mwenyewe akamwambia yupo hapo mwaka wa sita, bia anaziona kwenye friji ya kwake tu. Ila kando ya ukuta, nyuma ya vigae, sakafu ilikuwa na alama nne za duara. Zilikuwa mbichi.

Baka jeupe lilipomtokea nyuma ya sikio, daktari alimpa mafuta ya fangasi. Aliyamaliza kwa siku mbili.

Alhamisi, kwenye tramu, kijana wa kiti cha nyuma alifumba macho akavuta pumzi ndefu. Mwingine akahama kiti, akasogea. Tamsin alitamani hata mmoja akunje pua, amsonye, ahame. Hakuna. Walikuwa wanatabasamu.

Ijumaa jioni alifunga mlango wa chumba chake kwa funguo mbili. Kisha akakaa kitandani, na nyuma ya sikio lake akasikia... tip. Kilichomtisha si ile sauti. Kilichomtisha ni aibu iliyomjaa alipofikiria kutokwenda kesho kwenye raundi yake.

Wapenda bia wa kule wameanza kupeana habari. Kuna mahali papya kaskazini mwa mji, hapana kibao, pana pipa moja tu, na jina lake ni la msichana. Wanafungua Jumamosi hii.

Ukialikwa, tafadhali usiende.