Marekebisho Arobaini na Matatu

"Niachie," alisema Renata Grabowski.

"Nimeishika kwanza mimi," alijibu yule mwanamume.

"Wewe umeishika ubavuni. Mimi nimeishika kitako."

Skrini ya kompyuta waliyoigombea ilikuwa kuukuu, ya kioo kilichobinuka, rangi yake ya maziwa imegeuka njano. Ilikuwa Jumamosi ya Septemba, na ukumbi wa maonyesho wa Milwaukee ulijaa watu waliokuja kununua kompyuta zilizotumika. Waya zilirundikwa mezani kama tambi, na makoti yaliyolowa mvua yalitoa harufu ya mbwa. Watu walipita wakiwasukuma, lakini hakuna kati ya hao wawili aliyelegeza mkono.

Mwanamume alikuwa mrefu, mwenye koti la kodrai la kahawia na miwani myembamba ya ghali. Renata alikuwa mfupi, nywele zimekatwa usawa wa masikio, na sweta lake jekundu lilikuwa limelegea mikononi kwa kuvutwavutwa.

"Unaitakia nini takataka hii?" mwanamume aliuliza.

"Wewe je?"

"Nataka kuitoa matumbo nifugie samaki."

"Samaki!"

"Kumbe wewe mrembo ulitaka kuiwasha?"

Renata alicheka bila kupenda. "Natengeneza tovuti. Lazima nione maneno yangu yanatokaje kwenye skrini mbovu. Si kila mtu ana skrini kama yako."

"Skrini yangu umeionea wapi?"

"Koti lako limenieleza."

Mwanamume alimwachia ile skrini, akambebea hadi kwenye gari, na kwa malipo akadai kahawa tu. Jina lake lilikuwa Lowell Haugen. Alikuwa mchoraji wa kurasa za tovuti, mwenye jicho ambalo Renata alikuwa hajapata kuliona kwa mtu mwingine. Kufikia Oktoba walikuwa wapenzi. Kufikia Novemba walikuwa wakifanya kazi pamoja.

Kazi yao waligawana hivi. Lowell alichora ukurasa kama mtu anayechora bango, kila herufi mahali pake, kila mstari kwa kipimo. Renata aliuchukua ukurasa huo na kuufundisha kuishi kwenye skrini za watu wengine. Maana ukurasa wa tovuti si karatasi. Kinachopendeza kwenye skrini pana hufurika kwenye skrini nyembamba, maneno yakapanda juu ya picha au yakakatwa ukingoni. Renata alikuwa amejifunza hayo peke yake, kwa vitabu vya maktaba na kwa kukosea. Sebuleni kwake zilipangwa skrini saba, zote kuukuu, na hakuna ukurasa uliotoka mikononi mwake kabla ya kupita zote saba.

Kila asubuhi simu ililia.

"Malkia wa vioo vibovu, umeamka?"

"Nimeamka. Kichwa chako cha habari kimekatika kwenye skrini ya tatu."

"Nani bado anatumia skrini kama ya tatu?"

"Mama yangu."

"Msalimie. Mwambie anunue nyingine."

"Kamwambie mwenyewe Jumapili. Anakupikia pierogi zake za viazi."

"Basi asinunue. Hata vipofu nitawachorea."

Mwezi huo wakapata kazi kubwa kuliko zote: tovuti mpya ya kiwanda cha soseji cha familia ya Voss, kiwanda ambacho kila nyumba ya upande wa kusini ilikifahamu. Jioni waliyopata habari hiyo Renata alivutavuta mikono ya sweta lake, mpaka Lowell akamshika kidevu.

"Una nini, kipenzi?"

"Kuna kitu nataka uniahidi." Akamweleza kuhusu kampuni aliyokuwa akifanyia kazi zamani, jinsi alivyojenga kurasa mia mbili kwa mikono yake, na jinsi siku ya kupokea tuzo bosi alivyopanda jukwaani peke yake na asimtaje hata kwa bahati mbaya. "Mimi si mtu wa makelele, Lowell. Lakini jina langu nalitaka."

"Litakuwepo," alisema Lowell. "Nakuapia."

Januari, wiki moja kabla ya kuuonyesha ukurasa kwa wakuu wa kiwanda, Renata alipita maktaba ya mjini akaufungua kwenye kompyuta ya pale, kama ilivyokuwa desturi yake. Maneno yalikaa vizuri. Picha za soseji zilitulia. Chini kabisa aliona mstari mpya, ambao hakuuweka yeye: *Umechorwa na Lowell Haugen.*

Basi. Hapakuwa na kitu kingine.

Alirudi nyumbani na kuwasha skrini zake saba, moja baada ya moja. Mara saba alilisoma jina la Lowell, na mara saba hakuliona lake. Angeweza kufungua msimbo, yale maandishi ya ndani yanayoujenga ukurasa, akausoma. Ni jambo la sekunde kumi. Hakuufungua. Alikuwa amekwisha kuona kile alichokuwa akiogopa kukiona.

Simu ikalia.

"Mpenzi, umeuangalia ukurasa?" Sauti ya Lowell ilikuwa na furaha, kama ya mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

"Nimeuangalia."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini kabisa."

"Halafu?"

"Umependeza," alisema Renata. "Nina kazi, Lowell. Tutaonana Jumanne kiwandani."

Akampigia dada yake Wanda, ambaye alikuwa akimkausha mteja nywele saluni.

"Ameniandikia jina lake peke yake."

"Nani? Huyo wa miwani?" Wanda alizima mashine ya kukaushia nywele. "Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia umependeza."

"Renata! We mwanamke una damu au maji ya barafu? Mpigie umtukane."

"Kutukana si kazi yangu."

"Kazi yako ni nini basi?"

Renata aliiangalia skrini iliyokuwa mbele yake. "Kurekebisha," akasema taratibu. "Na kilichorekebishwa kinaweza kurudishwa kilivyokuwa."

Faili lililopanga maneno ya ukurasa mzima lilikuwa bado kwenye seva yake, mpaka siku ya kukabidhi kazi. Ndani yake mlikuwa na marekebisho arobaini na matatu. Alikuwa ameyaandika yote kwenye daftari, kila moja na sababu yake. Jumanne asubuhi alifungua daftari, akanywa chai, akaanza kuyaondoa. Rekebisho la kwanza liliwezesha herufi kukua na kupungua, akalitoa. La pili lilizuia maneno yasipande juu ya picha, akalitoa. Hakuharibu kitu, wala hakuongeza kosa hata moja. Alimrudishia Lowell kazi yake kama Lowell alivyoichora, na kila mstari alioufuta ulimpa utamu mdogo kifuani, kama kung'oa kigaga. Alikuwa amekwisha kwenda kiwandani kuulizia vifaa vyao, kwa hiyo alijua projekta yao ni ya zamani, yenye picha nyembamba. Lowell hakuwahi kuuliza mambo kama hayo.

Alivaa gauni la kijani lililombana kiuno, akapaka rangi ya midomo, akaenda kuketi kiti cha nyuma.

Bi Hildegard Voss, mwenye kiwanda, alikuwa na miaka sabini na minne na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. "Haya kijana," alimwambia Lowell. "Tuonyeshe."

Lowell alikuwa amevaa suti mpya ya kijivu. Alimtupia Renata tabasamu, akabonyeza.

Ukutani palitokea balaa. Kichwa cha habari kilikatika katikati. Habari za babu mwanzilishi, alivyovuka bahari na mkewe mjamzito, zilimwagika juu ya picha ya soseji iliyochomwa, hata mke mjamzito akawa amekaa juu ya haradali. Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akacheka waziwazi.

"Samahani," alisema Lowell. Akabonyeza tena. Ukurasa wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Shingo yake ikawa nyekundu, kisha masikio. Akamgeukia Renata kwa macho ya mtu anayezama. "Renata, tafadhali. Kuna nini?"

"Unaniuliza mimi?" alisema Renata kwa upole. "Mimi ni nani kwenye ukurasa huo?"

Lowell alimkodolea macho, haelewi. Na Renata, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akiionja saa hii, aliona inashuka kooni kama alivyotaka, tamu na baridi.

"Ebu ngojeni," alisema Bi Voss. "Huenda ubovu ni wa hiki kidude chetu. Ofisini kwangu nina skrini kubwa kama dirisha, daktari wa macho kanilazimisha. Twendeni huko."

Wakasongamana ofisini, watu sita nyuma ya kiti kimoja. Bi Voss akafungua ukurasa, na ukatokea mzima, umetulia, kama Lowell alivyouona siku zote kwenye skrini yake pana. Renata hakuwa amelitarajia hilo. Katika skrini zake saba hapakuwa na hata moja kubwa. Alikuwa ameyapima mambo yote kwa kushuka kwenye skrini ndogo, wala hakuwahi kupima kwenda juu.

Bi Voss alisogeza hadi mwisho, akavaa miwani na kusoma kwa sauti. "Umechorwa na Lowell Haugen." Kisha kidole chake kikatembea kwenda kulia, mbali, mpaka karibu na ukingo, ambako herufi zilikuwa kubwa zaidi. "Renata Grabowski ndiye aliyefanya maneno haya yasomeke na kila mtu. Bila yeye, haya ni picha tu." Akageuka. "Ndiye wewe, binti? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Renata alijipenyeza hadi mbele ya skrini, akalisoma jina lake.

"Ulisema umeliona," alisema Lowell.

"Kwangu halipo."

"Halipo vipi? Nimeliweka kulia kabisa. Nilitaka likae peke yake, kila mtu alione."

"Umelipimia kwenye skrini yako. Kwenye skrini ndogo linaangukia nje."

"Si mtu angesogeza pembeni?"

"Uliuondoa mstari wa kusogezea. Ulisema ni mchafu."

Lowell aliangalia skrini, akamwangalia Renata, gauni la kijani, rangi ya midomo, na polepole uso wake ukabadilika. "Kwa hiyo ya kule ukutani..."

Angeweza kukana. Hakuna mtu mwingine pale aliyejua kilichotokea, na Lowell asingeweza kuthibitisha.

"Ni mimi," alisema Renata. Kisha akamgeukia Bi Voss na kupaza sauti yake ndogo hadi iliposikika na wote. "Kosa si la Bwana Haugen. Ukurasa ulikuwa umekamilika tangu wiki iliyopita. Leo asubuhi nimeondoa kazi yangu kwa makusudi, ili aaibike mbele yenu. Nilidhani amenidhulumu."

Bi Voss alivua miwani. "Yaani nyinyi mna ugomvi wenu wa chumbani, mkauleta kwenye soseji zangu?"

"Ndiyo, mama."

"Itakuchukua muda gani kuirudisha?"

"Dakika ishirini."

"Kaa hapo urudishe. Halafu sitaki kukuona tena kiwandani kwangu. Kijana, wewe utabaki na kazi."

Renata alikaa kwenye kiti cha Bi Voss na kurudisha marekebisho yote arobaini na matatu. Kisha akaongeza la arobaini na nne, akalishusha jina lake chini ya la Lowell, herufi za kawaida, mahali ambapo skrini yoyote ingelionyesha. Alipoinuka, Lowell alikuwa amekwisha kuondoka.

Alimpigia siku hiyo, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Simu iliita mpaka ikachoka. Aliandika barua pepe tatu, hazikujibiwa. Siku ya kumi alikwenda hadi mlangoni kwake, akaona taa inawaka na kivuli kinapita dirishani, akabonyeza kengele, na kivuli kikasimama. Mlango haukufunguliwa.

"Anakukomoa huyo," Wanda alisema.

"Najua. Ana haki."

"Haki! Siku mbili ni haki. Sasa hivi anafanya starehe."

Siku ya kumi na tisa, saa sita mchana, Renata alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, pua imemwiva kwa baridi, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Simu ikalia mfukoni.

"Ulilia?" sauti ya Lowell iliuliza, bila salamu.

"Nililia."

"Siku ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Wewe? Wewe unahesabu kila kitu."

"Kumi na nne," Renata alikubali. "Zile tano nyingine nilikuwa nakuchukia."

Renata alimsikia anavuta pumzi. "Nilitaka uonje. Nilisimama pale mbele ya watu, Renata, nikakutazama wewe kwanza. Kati ya watu wote mle ndani, nilidhani wewe ndiye utakayenisaidia. Unajua ilivyoniuma?"

"Najua. Ndicho nilichokuwa nakitaka." Machozi yalimtoka, ya moto kwenye uso wa baridi. "Nisamehe."

"Kwa nini hukuniuliza? Neno moja tu. Lowell, jina langu liko wapi?"

"Niliogopa jibu."

"Basi sikiliza. Mimi na wewe hatutafanya kazi pamoja tena. Hata ukurasa mmoja. Nikichora, atarekebisha mwingine. Wewe utafute mchoraji wako, awe mzee, awe na kitambi."

Renata aliegemea gari. "Ndiyo umepiga kuniambia hilo? Tumeachana?"

"Nani kasema tumeachana? Nimesema kazi. Nataka tuoane."

Kikwangulio kikamponyoka. "Hiyo ni posa au sharti?"

"Vyote viwili. Geuka."

Aligeuka. Lowell alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, hana kofia, theluji imejaa kwenye nywele, simu sikioni. Amekonda. Hatabasamu, lakini mkono wake ulikuwa umetoka kwenye glavu na kunyooshwa mbele, wazi, kwenye baridi ile.

Renata hakukata simu. Alivuka barabara polepole, akitazama kulia na kushoto, mpaka alipofika hatua moja mbele yake.

"Na mimi nina sharti," alisema ndani ya simu. "Kunyamaziana basi. Ukinikosea nitakufokea usoni."

"Fokea."

"Na hizi siku kumi na tisa nitazilipiza."

"Lini?"

Aliushika ule mkono. Ulikuwa baridi kama chuma.

"Una haraka gani? Miaka tutakuwa nayo."