Chini ya Jabali la Manga

Mvua ya mawe iliwakuta juu ya Nyamira. Kioo cha mbele kikapasuka, upepo ukaisukuma ndege chini, na Onchiri, rubani, akavuta usukani kwa mikono miwili. Miti ikatokea ghafla ndani ya wingu.

Machogu, fundi wake, alizinduka akining'inia kwenye mikanda. Juu yao lilisimama jabali la Manga, kilele kimefunikwa na ukungu.

"Mguu wangu," Onchiri aliguna. "Siusikii."

Machogu akaupapasa. Mfupa ulikuwa umevunjika.

Wote wawili walikuwa wa kijiji cha Gesima, na mwaka 1964 walifanya mtihani wa urubani siku moja. Onchiri akapita, Machogu akapewa spana. Ndege yao, Beaver, ilitengenezwa Kanada kwa ajili ya nchi za misitu. Ilitua hata penye nyasi na mawe, ndiyo maana majeshi mengi yaliipenda. Miaka mitatu waliipeleka mpakani kaskazini, wakishusha unga na risasi, wakirudi na majeruhi. Askari walimpigia Onchiri saluti. Hakuna aliyeuliza nani alitoa mchanga kwenye kabureta. Hata Kemuma, mama mzazi wa Machogu, alitundika ukutani picha ya Onchiri.

"Maji yapo?" Onchiri aliuliza.

"Nusu chupa. Kunywa."

"Panda juu, uniache. Kwa ukungu huu hakuna atakayetuona."

Machogu akaondoka, akishika mizizi. Njiani akajiona akifika peke yake, Gesima nzima ikilitaja jina lake kanisani. Wazo hilo lilikuwa tamu, tamu mno, hata akajionea aibu. Akashuka.

"Umesahau nini?"

"Nyamaza, ndugu yangu."

Alivunja ubao wa sanduku la redio, akaufunga mguuni. Akakata mikanda ya viti, akamfunga Onchiri mgongoni, akaanza kupanda. Mara mbili waliteleza. Magoti yake yakachunika. Onchiri aliuma kola ya shati, akilia.

"Upande wako wa kulia kuna mzizi," Onchiri alisema.

"Nauona."

Kileleni waliwakuta wakulima waliosikia kishindo, wakija na machela ya miti na blanketi.

"Rubani yu hai!" Mama mmoja, Tryphosa, alipiga vigelegele, kisha akamtazama Machogu. "Nawe, mwanangu, ulikuwa abiria?"

Wivu ukampanda, mchungu kama shubiri. Akaumeza. Akashika pembe ya machela.

"Inueni polepole. Mguu wa kushoto umevunjika."

Wanaume watatu wakamtii, wakatembea kwa hatua zake.