Uzi wa Tisa

Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani yake. Si saba, si tisa. Kila uzi una rangi yake, na fundi aliyewafungia watu mitandao majumbani kwa miaka kumi na sita angeweza kuzipanga akiwa amefumba macho. Kwa hiyo alasiri ile, aliposikia ukihesabiwa wa tisa, alijua papo hapo kwamba mambo si shwari. Alijua, akanyamaza, na nani angemlaumu?

Nyumba za watu alikuwa amezimaliza, ya kwake akaiacha. "Kwa watu unavuta waya hadi chooni, kwangu hata kipande!" marehemu mkewe alizoea kumtania. Na mwanamke yule alikuwa na haki ya kulalamika, maana kazi walifanya wote. Kifaa chao cha kupimia waya, testa, kilikuwa visanduku viwili. Fundi alishika kikubwa upande huu, mke akakaa na kile kidogo chumba cha mbali, akitazama taa nane zikiwaka kwa zamu na kuzisoma kwa sauti.

"Moja."

"Safi," fundi huitikia.

"Mbili."

"Safi."

Hivyo hivyo mpaka nane, na baada ya nane hakukosa kuongeza, "Chai iko wapi, fundi wangu?" Chai aliibandika fundi. Ndivyo walivyokubaliana tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Mke aliugua wiki mbili tu, akaenda zake. Mwezi wa tatu baada ya mazishi, fundi akaona aibu. Mama mkwe, aliyeishi nao chumba cha nyuma, alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja wa kiume, naye yuko ng'ambo. Kila wakizungumza kwenye kompyuta picha inaganda, bibi wa watu anabaki anaongea na uso uliosimama. Basi fundi akatoboa ukuta, akavuta waya kutoka ruta ya sebuleni, akaupitisha koridoni hadi chumba cha nyuma. Kisanduku kidogo akakichomeka huko, akarudi sebuleni, akawasha kikubwa.

"Moja," sauti ikasema kutoka chumba cha nyuma.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake koridoni, anakunja nguo. Chumbani hamkuwa na mtu.

"Safi," ulimi wa fundi ukaitikia kabla yeye mwenyewe hajafikiri.

Ilikuwa sauti ya mkewe, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi. Ilihesabu mpaka nane, naye akaitikia zote huku machozi yanamtiririka. Chai haikuulizwa. Badala yake ile sauti, polepole, kama mtu anayejaribu mlango kuona umefungwa au la, ikasema, "Tisa."

Nywele zikamsimama. Akazima testa. Koridoni kulikuwa na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Fundi huyu kesho yake, saa ile ile, aliwasha tena. Na keshokutwa. Waya ulikuwa hauna kasoro hata chembe, naye akawa anaupima kila siku kama mgonjwa. Nane aliitikia, tisa akainyamazia. Alimkumbuka mkewe mno, basi, hakuna maelezo mengine.

"Baba," mama mkwe alimwita siku moja kwa sauti ya chini, "leo hupimi?"

Fundi akashtuka. "Mama, kumbe unasikia?"

"Nasikia. Tena najua si yeye. Nimemzaa mimi, nitashindwaje kujua? Lakini sauti ni yake, mwanangu. Sauti ni yake."

Wakalia pamoja, mkwe na mkwe, kila mtu ameangalia upande wake kwa heshima.

Kuanzia hapo mama mkwe akawa hali chakula vizuri. Anashinda kwenye kile kiti, sikio ukutani. Siku ya kumi na moja fundi alimkuta amesinzia, na sauti ilipohesabu chumbani, midomo ya mama ilikuwa inacheza nayo, moja, mbili, tatu, bila kutoa mlio. Hesabu ilipofika tisa, iliyotamka ni midomo ya mama peke yake. Chumbani kulikuwa kimya.

Ndipo akatafutwa mtaalamu wa majini, mama mmoja mfupi, mkali, ambaye alinusa soketi ya ukutani na kukataa kuketi.

"Jini huyu ameazima sauti," alinong'ona. "Haingii mpaka aitikiwe. Umeitikia ngapi?"

"Nane."

"Na ya tisa?"

"Hata siku moja."

"Una bahati. Nane ni za waya, zitakatika. Tisa ndiyo mtu, na anayemtaka ni mama huyu. Kata uzi mmoja mmoja, kwa mkono wako uliozifunga. Funga mdomo wako mpaka nibishe hodi. Ukiitikia, mama mkwe wako humpati tena."

Mama mkwe alikataa kutolewa nje. "Nitamuaga mwanangu," alisema, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumbishia. Mtaalamu akatoka, fundi akautia mlango komeo.

Fundi akapiga magoti koridoni, akauchana waya ubavuni, nyuzi zikachomoza. Testa inawaka. Akakata mweupe wenye mstari wa chungwa, na sauti, iliyokuwa ikihesabu vizuri, ikaanzia mbili. Akakata wa chungwa, ikaanzia tatu, na sasa ilikuwa inahema, na ile harufu ya udongo ikapanda mpaka akaisikia kooni, naye akakata, akakata, kijani, bluu, koleo linateleza kwa jasho, na kila uzi ulipokatika sauti ilisogea karibu, kutoka chumbani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi katikati ya korido, mpaka ikawa inasema saba pale pale begani kwake, kwa upole, kama ilivyosema miaka yote wakiwa kazini, wachovu, wenye furaha, wasiojua kwamba siku zinahesabika.

Ukabaki wa kahawia.

"Nane," sauti ikasema. Kisha, "Chai iko wapi, fundi wangu?"

Siku zote hizi haikuwa imelisema hilo. Fundi aliuma mdomo mpaka damu ikatoka, na hata leo hajui aliyesema ni nani, jini au mkewe mwenyewe aliyepata upenyo wa kumuaga. Akakata.

Kimya. Taa za testa zote giza. Harufu ikaondoka kama haijawahi kuwapo, nyumba ikawa nyumba tu, yenye vumbi la ukuta na nguo zilizokunjwa. Alikuwa ameshinda, na hakuwahi kujiona mpweke kiasi kile. Ingekuwa hivi sasa kila alasiri, mpaka afe.

Nyuma yake kiti kikalia.

"Tisa," mama mkwe akasema, kwa sauti ya binti yake.

Fundi akageuka. Uso ulikuwa wa mama mkwe, makunyanzi yake yote, lakini kichwa kilikuwa kimeinamishwa kidogo upande wa kushoto, jinsi mkewe alivyokiinamisha akisubiri jibu. Alijua kabisa anachokabidhi, na ni cha nani. Alifikiria hodi ya mtaalamu. Alifikiria zile alasiri.

"Safi, mke wangu," akaitikia.

Hodi ilipobishwa, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha kwa ngumi na kelele, fundi alikuwa jikoni anabandika chai ya watu wawili. Mlango hakuufungua.