Kadi ya Kumi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tusekile alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kumkatia ng'ombe majani, na kumsikiliza bibi yake akilalamika kwamba uwanja haujafagiwa vizuri. Aliishi na Bibi Tusajigwe huko Kyimo, katika nyumba iliyozungukwa na migomba pande tatu. Upande wa nne kulikuwa na zizi la ng'ombe wao mmoja tu, aliyeitwa Njasi.

Mwezi huo darasa la sita walikuwa na shughuli kubwa. Maktaba ya mjini Tukuyu ilikuwa inaandaa Maonyesho ya Migomba, na tangazo lilikuwa limeshabandikwa mlangoni: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi, wote mnakaribishwa. Kazi ya kukusanya habari walipewa wanafunzi. Kila aina ya mgomba iliandikiwa kadi yake, na kila kadi ilikuwa na mistari mitatu: jina la mgomba, sifa zake, na jina la mtu mzima aliyeeleza. Mkutubi, Bi. Beatrice, alizitundika kadi ubaoni mapema ili watu waanze kuzisoma kabla ya siku yenyewe.

Mwalimu Ambwene alitangaza kwamba mwanafunzi atakayeleta kadi nyingi kuliko wenzake ndiye atakayesimama mbele ya wageni na kuwaeleza. Tusekile aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote. Tangu aanze shule alikuwa hajawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote, isipokuwa kufuta ubao. Alimsumbua bibi yake kila jioni mpaka akapata kadi tisa: Mzuzu, Halale, Malindi, Kisukari na nyingine tano. Tatizo lilikuwa Godwin. Naye alikuwa nazo tisa, na hakuwa mtu wa kuficha.

"Tisa zangu, tisa zako," Godwin alimwambia wakitoka darasani. "Kesho ndiyo mwisho. Tutaona nani ni nani."

Jioni hiyo Tusekile alimfuata bibi yake jikoni. "Bibi, nitajie mgomba mwingine. Mmoja tu."

"Gwe Tusekile, nimekutajia yote ninayoijua. Unataka nikuzalie mingine?"

Tusekile akarudi mezani, akaitazama kadi tupu. Kule zizini ng'ombe akalia akidai majani. Basi hapo ndipo mkono ulipoanza kuandika mambo ambayo mdomo usingethubutu kuyasema. Jina: Njasi. Sifa: mkungu wake ni mkubwa, ndizi zake ni tamu, na haupatwi na ugonjwa wa mnyauko. Hilo la mnyauko aliliongeza kwa sababu mstari ulikuwa umebaki na nafasi. Aliyeeleza: Bibi Tusajigwe wa Kyimo.

Kesho yake Mwalimu Ambwene alihesabu kadi mbele ya darasa, akamtaja Tusekile kuwa mwelezaji. Wenzake walimpigia makofi. Godwin naye alipiga, mara mbili tu, akatia mikono mifukoni.

Siku chache za kwanza Tusekile alikuwa na wasiwasi. Kisha zikaja habari kutoka maktaba kwamba Mzee Enosi, ambaye kila siku huenda pale kusoma gazeti, ameiona kadi ya kumi na kusema anaukumbuka sana mgomba huo. Alikuwa akila ndizi zake utotoni, na siku hizi umeadimika. Tusekile aliposikia hayo, wasiwasi ulimtoka. Hata akaanza kujiuliza kama pengine mgomba huo upo kweli.

Jumatano aliporudi shuleni, alimkuta mwanamke mgeni ameketi kibarazani na bibi yake. Kando yake kulikuwa na gunia tupu, na juu ya gunia panga. Miguu yake ilikuwa imejaa tope hadi magotini.

"Shikamoo," alisema Tusekile.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Tusekile? Mimi ni Mama Isakwisa, natokea Nkunga." Mwanamke huyo alitabasamu kama mtu aliyefika mwisho wa safari ngumu. "Nimesoma kadi yako pale maktaba. Mkutubi akanielekeza hapa. Nimekuja kuomba chipukizi moja la huo mgomba wa Njasi."

Bibi Tusajigwe alimtazama mjukuu wake. "Namwambia mgeni kwamba mimi mgomba huo siujui, naye ananiambia jina langu limeandikwa. Hebu tueleze wewe. Uko wapi?"

Tusekile alihisi masikio yakimwaka moto. Njia ya kusema kweli ilikuwa wazi, lakini iliyomjia haraka ni nyingine. "Uko kule nyuma, Bibi," alisema. "Pengine umesahau."

Wakaenda shambani, Tusekile mbele, mgeni katikati na gunia na panga lake, bibi nyuma akijikongoja na fimbo yake. Tusekile akaonyesha chipukizi la kwanza aliloliona. Lilikuwa Malindi, kama lilivyo shamba zima upande ule. Mama Isakwisa akapiga magoti kwenye udongo uliolowa, akaanza kuondoa majani makavu kwa mikono.

"Hujui umenisaidia kiasi gani," alisema bila kuinua kichwa. "Mnyauko umeingia kwangu tangu mwaka jana. Majani yanageuka manjano, ukipasua ndizi ndani kumeoza. Nimekata mashina thelathini. Yamebaki kumi na mawili mazima. Nikishapanda hili nitayang'oa na hayo, na kwa machipukizi yake shamba lote niweke Njasi tupu. Watoto watavumilia mwaka mmoja, hakuna jinsi."

Akainuka na kulishika panga. Tusekile aliitazama ile mikono yenye tope, akafikiria migomba kumi na miwili mizima iking'olewa kwa sababu ya mstari uliobaki na nafasi.

"Mama, usikate!" Sauti ilimtoka kwa nguvu hata yeye mwenyewe akashtuka. "Hakuna mgomba wa Njasi. Niliubuni. Njasi ni ng'ombe wetu."

Mama Isakwisa alilishusha panga polepole. Hakufoka. Alikaa juu ya gunia lake, akasema, "Nimetembea tangu asubuhi, mwanangu." Tusekile akaanza kulia. Angeona afadhali achapwe kuliko kusikia maneno hayo.

Bibi Tusajigwe hakumbembeleza mjukuu wake. Macho yake yalikuwa kwenye panga. "Mama Isakwisa, hili ndilo ulilokatia migomba yako iliyougua?"

"Ndilo hilo hilo. Sina jingine."

"Uliliunguza motoni baada ya kukata?"

Mama Isakwisa alitikisa kichwa. Bibi akashusha pumzi. "Basi kidogo tu uniletee mnyauko humu shambani, na mimi nikukaribishe kwa chai. Umeona, gwe Tusekile? Kadi yako ilikuwa inaua mashamba mawili."

Walirudi jikoni. Bibi alimweleza mgeni yale ambayo afisa kilimo aliwafundisha kijijini kwao: kung'oa shina lililougua pamoja na mizizi na kulifukia, kuchoma makali ya panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, na kuondoa ua la mgomba kwa mti wenye panda badala ya panga. Yale mashina kumi na mawili asiyaguse. Kisha yeye mwenyewe, kwa panga lake, akamkatia machipukizi mawili ya Halale. "Na haya pia huweza kuugua," alimwambia. "Usidanganyike. Usiyapande palipokuwa na ugonjwa, na uyatunze."

"Ndaga, mama," alishukuru Mama Isakwisa. Tusekile aliyabeba machipukizi hayo kwenye gunia hadi barabara kuu. Wakati wa kuagana Mama Isakwisa alimpokea gunia na kumwambia, "Umesema kabla sijakata. Hilo nitalikumbuka pia."

Alhamisi Tusekile alimweleza Mwalimu Ambwene kila kitu. Nafasi ya mwelezaji ikaenda kwa Godwin. Mwalimu aliiondoa kadi ya kumi kwenye ubao wa maktaba, akampa Tusekile kadi nyingine tupu, akamwambia aandike aliyoyasikia jikoni kwa bibi yake, bila kuongeza neno. Alimwambia pia kwamba siku ya maonyesho, yeyote atakayeulizia Njasi atajibiwa na Tusekile mwenyewe.

Jumamosi maktaba ilijaa. Godwin alieleza vizuri, ingawa kwa majivuno kidogo. Tusekile alisimama pembeni karibu na kadi yake mpya, akiomba kimoyomoyo mtu asiulize. Ikapita nusu saa, kisha Mzee Enosi akainua mkono.

"Mbona siuoni ule mgomba wa Njasi?"

Tusekile akasogea mbele. "Shikamoo, babu. Mgomba huo haupo. Niliubuni mimi ili nipate nafasi ya kusimama hapa. Naomba mnisamehe."

"Lakini mimi niliwahi kula ndizi zake," alisema Mzee Enosi kwa sauti ndogo, na ukumbi mzima ukacheka, naye mwishowe akacheka pamoja nao.

Vicheko vilipotulia, Bibi Tusajigwe alisimama akiegemea fimbo yake. Hakuwa amealikwa kuzungumza, lakini hilo halikumzuia.

"Mjukuu wangu alidhani anaandika kwa ajili ya kupigiwa makofi," alisema. "Aliyekuja kusoma ni mama mwenye shamba linalokufa. Ninyi watoto mnaojifunza kuandika, mkishika kalamu mkumbuke kwamba yupo mtu atakayewaamini, naye atachukua panga lake na kwenda kufanya mlichoandika. Mwandikieni ukweli, hata kama ni kadi tisa."

Kisha akaketi, akamvuta Tusekile akae karibu naye. Mbele ya kadi mpya, Mama Isakwisa alikuwa amesimama na mwanawe, na mtoto alikuwa anainakili kwenye daftari.