Mlango wa Nyuma wa Enid

Kila asubuhi Enid Haworth aliweka vikombe viwili mezani, kisha akarudisha kimoja kabatini. Mumewe, Wilf, alifariki majira ya baridi yaliyopita, lakini mkono wa Enid ulikuwa bado haujapata habari.

Nyumba yake ilikuwa katikati ya safu ndefu ya nyumba zilizoshikana, mjini Colne, kaskazini mwa Uingereza. Ukuta mmoja tu ulimtenga na jirani yake, Brenda. Alimsikia akikohoa, akiwasha televisheni, akimfokea paka. Zamani waliingiliana bila hodi. Tangu mazishi, Brenda hakuja tena. Enid alidhani amemchosha, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kujipendekeza, alikaa kimya upande wake wa ukuta.

Mwanawe wa pekee, Glenn, aliishi Leeds. Hakuja wala hakupiga simu. Zilizokuja ni barua alizoandikiwa yeye tu, kwa sababu alipoachana na mkewe alitoa anwani ya mama yake. Enid hakuzifungua. Kwa watu wa kule, kufungua barua ya mwenzio ni ukosefu wa adabu, hata kama umemzaa mwenyewe. Alizipanga nyuma ya saa. Kusema kweli, alizipenda. Angalau jina la mwanawe lilikuwa bado linakuja nyumbani.

Asubuhi moja ya mvua, mlango wa mbele uligongwa.

Mtaa ule hakuna anayetumia mlango wa mbele. Ule ni wa daktari, padri na jeneza. Wengine wote hupitia nyuma, na mlango wa nyuma haufungwi kwa ufunguo mchana kutwa. Lakini Enid hakujali. Moyo ulimruka kwa furaha. Mgeni! Akachungulia dirishani.

"Habari za asubuhi, mama," mwanamume mmoja alisema. "Mimi ni dalali wa mahakama. Namtafuta Glenn Haworth. Anadaiwa kodi ya halmashauri. Tunaweza kuzungumza ndani? Nalowa huku."

Katika maneno yote hayo, Enid alilosikia vizuri ni "nalowa."

"Masikini! Mlango huu umevimba, mwanangu, haufunguki. Zunguka nyuma, kuko wazi. Nabandika maji ya chai."

Kuzunguka nyuma si karibu. Ni mpaka mwisho wa safu, halafu unaingia kichochoro cha mapipa ya taka. Enid alikuwa bado anachagua biskuti nzuri mlango wa nyuma ulipofunguliwa kwa kishindo. Hakuwa dalali. Alikuwa Brenda, na ndara zake za nyumbani, vibanio kichwani.

"Ufunguo uko wapi?"

"Brenda! Karibu, nilikuwa..."

"Ufunguo, Enid! Wa mlango huu!"

"Nyuma ya tarumbeta ya Wilf. Kwani kuna nini?"

Tarumbeta ilikuwa kwenye rafu. Wilf aliipiga miaka mingi katika bendi ya mji. Brenda alipapasa nyuma yake, akachomoa ufunguo wenye kutu, akauzungusha kwa mikono miwili. Kitasa kililia. Papo hapo mkono wa mlango ukashuka kutoka nje, kisha ukapanda tena.

"Mama? Si umesema kuko wazi?"

"Kulikuwa wazi," Brenda alijibu. "Sasa kumefungwa. Tuonyeshe kitambulisho hapo dirishani."

"Brenda, mtu analowa!"

"Na alowe. Ana gari."

Mwanamume yule alitoa kitambulisho bila hasira. Brenda alikisoma vizuri. Siku mbili kila wiki alijitolea kwenye ofisi ya ushauri wa madeni pale maktaba, na mambo haya aliyajua.

"Sikiliza, shoga," alimnong'oneza Enid. "Kwa deni la kodi hii, dalali akija mara ya kwanza haruhusiwi kuvunja mlango wala kukusukuma apite. Ila mlango usiofungwa anaweza kuufungua akaingia, na sheria haimkatazi. Akishaingia anaandika vitu vilivyomo. Na akishaviandika, safari nyingine anaweza kuingia hata kwa nguvu."

"Lakini deni si langu."

"Si lako, na huwezi kulipishwa. Vitu vyako pia haruhusiwi kuvichukua. Lakini akiwa ndani, wewe ndiye utakayehangaika kuthibitisha kipi chako na kipi cha Glenn. Hiyo tarumbeta, una risiti yake?"

Enid aliitazama tarumbeta. Alama ya midomo ya Wilf ilikuwa bado pale kwenye shaba.

"Nimwambie nini?"

"Ukweli. Hapa hapa dirishani. Usilipe kitu, usitie saini."

Enid akasogea. "Glenn haishi hapa. Hajaishi hapa tangu aoe. Kila kilichomo humu ni changu na cha marehemu mume wangu." Akatupia jicho birika. "Samahani kwa chai."

"Hakuna neno, mama. Tuandikieni, na halmashauri pia, kwamba haishi hapa. Na yeye apige simu mapema. Kila tukitoka kumtafuta, gharama zinaongezeka juu yake."

Akaondoka zake mvuani. Enid akaketi na kulia.

"Unajua, Brenda, mlango ulipogongwa nilifurahi. Ningemkatia hata keki."

"Najua. Nilikusikia ukutani. Hujachangamka hivyo tangu Wilf afariki."

"Sasa mbona hukuja?"

Brenda aliinamisha kichwa. "Nilidhani unataka utulivu. Siku zikapita, nikaona haya. Kila asubuhi nakusikia ukirudisha kile kikombe."

Mchana ule waliandika barua mbili, moja ya halmashauri na moja ya ofisi ya madalali. Kisha Enid akampigia Glenn. Simu iliita mpaka ikachoka. Akaacha ujumbe: "Mwanangu, madalali walikuja. Sijakasirika. Barua zako ziko nyuma ya saa. Njoo tuzifungue pamoja."

Jumapili, mlango wa nyuma ulitikiswa. Ulikuwa umefungwa.

"Nani?"

"Mimi, Mama."

"Kila mtu ni mimi. Kitambulisho, dirishani!"

Kisha Glenn akaweka uso wake kwenye kioo, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Alijaribu kucheka, akashindwa. Enid naye alishindwa. Akazungusha ufunguo.

"Niliona aibu, Mama. Kazi sina, mke sina, nije kukwambia nini?"

"Ungesema hodi tu."

Jumatatu Glenn aliipigia halmashauri, Brenda kando yake. Alieleza kwamba aliugua sonona na kupoteza kazi. Halmashauri ililirudisha deni kutoka kwa madalali, ikakubali alipe kidogo kidogo. Angepiga simu mapema, gharama za madalali zisingekuwepo.

Glenn alirudi Leeds. Sasa hupiga simu kila Jumapili. Siku nyingine bado ni ndefu, na nyumba bado iko kimya. Mlango wa nyuma hufungwa kwa ufunguo mchana na usiku. Lakini Enid alichongesha ufunguo wa pili, akampa Brenda.

Asubuhi, Enid huweka vikombe viwili mezani. Huketi akisikiliza kitasa. Kikilia, humimina chai kwenye vyote viwili.