Namba ya Ndani 299

JUMATANO, SAA 8:15 MCHANA

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la kuchaji betri. Dirisha moja, limezibwa kwa ubao. Harufu ya tindikali inakukata pua. Meza moja, viti vitatu, watu wanne. Aliyekosa kiti alikuwa Fundi, na ndiye aliyekuwa akiongea.

"Mtambo wa simu ni tarishi mjinga," alisema. "Mwambie barua ya mfalme aipeleke kwa mchinja ng'ombe, anapeleka. Haulizi kwa nini."

"Fupisha," alisema Kisiki.

Kisiki ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mfupi, mpana, shingo hana. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Waliowahi kumsikia akiipandisha hawakubaki wa kusimulia.

Fundi akafupisha. Jumba la vito: ghorofa mbili, geti moja, walinzi wawili. Kila anayeingia anaacha simu yake ya mkononi getini, kuanzia meneja mpaka mfagiaji, maana mawe yale hayatakiwi kupigwa picha. Ndani zimebaki simu za mezani, arobaini na mbili. Zote zinapita kwenye kabati moja la chuma, katika chumba kimoja cha chini, nyuma ya jenereta. Na kabati hilo lina mtu mmoja tu anayelijua, kadi kwa kadi, taa kwa taa.

"Atakayepiga polisi, itaita kwangu. Namba ya ndani 299, simu iliyo humo humo chumbani. King'ora cha chumba cha mawe nacho hupiga kupitia mtambo. Nacho kitakuja 299. Namba nyingine zote za nje, bize. Anayepokea anasema, 'Polisi, tukusaidie nini?' Anachukua maelezo, anasema gari liko njiani. Basi. Watu wanatulia, wanakaa chini ya meza wakisubiri msaada. Hakuna wa kuruka dirisha."

Breki alipiga mluzi. Huyu alikuwa dereva, na aliitwa Breki kwa sababu hakuwahi kuzitumia. "Makubwa! Sasa si tukate umeme tu, yaishe?"

"Ukikata umeme umejitia kitanzi. Mtambo ukizimika, kuna kidude ukutani kinaruka chenyewe, tak! Kinaunga laini moja ya nje kwenye simu moja kuukuu, chini ya meza ya opareta. Hiyo haipiti kwa tarishi. Inakwenda moja kwa moja. Nimekifunga kwa mkono wangu. Kila miezi mitatu nakijaribu: nazima mtambo, opareta ananyanyua ile kuukuu, nami nimeunga simu yangu ya majaribio kwenye laini hiyo, anasema, 'Nipo hai.' Nawasha. Ndiyo kazi."

"Kwa hiyo usizimike," alisema Kisiki.

"Hata kwa kupepesa jicho."

"Na huyo opareta?"

Macho yote yakamgeukia mtu wa nne, Shemeji. Opareta alikuwa mke wake, na alikuwa dada wa Fundi, toka nitoke. Ndiye aliyemlea tangu ana miaka tisa, wazazi walipoondoka wote ndani ya mwaka mmoja. Ndiye aliyemtafutia hata hiyo kazi ya mtambo. Miaka kumi na tisa ameketi kwenye swichibodi ile. Alimtambua mtu kabla hajasema haloo, kwa pumzi tu. Wateja walimpenda, wakamwogopa kidogo.

"Kesho hayupo," alisema Shemeji. "Anakwenda kumuuguza mama yangu."

"Apa," alisema Fundi.

"Shemeji!"

"Apa, shemeji."

"Haki ya Mungu. Unadhani mimi ni mnyama, nimpeleke mke wangu mbele ya bunduki?"

Fundi akaridhika. Shemeji alikuwa na sauti nzito, sauti ya afande aliyeshiba, ndiyo maana kazi ya kupokea 299 alipewa yeye.

Sasa utauliza: Fundi alitafuta nini na watu hawa? Njaa hakuwa nayo. Deni hakuwa nalo. Alikuwa na majivuno. Fundi wa simu hakumbukwi na mtu mpaka simu ife, na ikifa anatukanwa. Miaka kumi na mitano ameyabeba matusi hayo. Alitaka mara moja tu watu watatu wamtazame akiongea na wakae kimya. Siku ile walimtazama. Bei yake ilikuwa bado haijasemwa.

ALHAMISI, SAA 3:20 ASUBUHI

Jumanne Fundi alikuwa ameutia mtambo ugonjwa kwa makusudi, akiwa nyumbani kwake, kupitia laini ya matengenezo. Simu zikaanza kukwaruza. Wenye jumba wakamwita. Akawaambia betri za akiba zimekufa, anakuja Alhamisi na mpya.

"Fundi, simu ya geti inakwaruza kama kuku anachakura," alisema mlinzi.

"Leo nimekuja kumchinja huyo kuku."

Mlinzi akacheka, akafungua. Nyuma ya gari wabeba mizigo wawili wameketi juu ya kasha, ovaroli mpaka kooni, vitambaa puani kwa ajili ya tindikali. Kasha lilikuwa zito kweli. Ila betri hazikuwemo. Breki aliligeuza gari, pua ikatazama geti, akaacha injini ikinguruma.

SAA 3:41

Chumba cha mtambo kilikuwa na baridi na mvumo wa feni. Fundi alichomeka kompyuta yake kwenye kabati, akaandika mistari mitatu. Akanyanyua simu ya majaribio, akapiga namba ya polisi. Simu ya 299, iliyokuwa juu ya kistuli, ikalia mbele yao.

Kisiki alitabasamu. Hilo lilikuwa jambo baya kulitazama.

Shemeji akakohoa. "Koo limenikauka. Pokea wewe, Fundi."

"Mpango ni wewe."

"Wewe ndiye unayelijua jumba. Mtu akisema yuko chumba fulani utamwelewa. Mimi nitapanda na mkubwa."

Aliyasema hayo akitazama viatu vyake. Kisiki aliwaangalia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua nyama buchani.

"Pokea wewe," alimwambia Fundi. Mjadala ukafa.

SAA 4:06

Gari la kuleta mawe, walilokuwa wakilisubiri, liliingia saa nne na dakika mbili. Saa nne na dakika sita Fundi alisikia miguu juu ya dari, kisha kitu kizito kikianguka, kisha mwanamke akipiga kelele na kelele zikikatwa katikati.

299 ikalia. King'ora: sauti ya mashine ikirudia neno moja. Akakata.

Ikalia tena. Mwanamume ananong'ona.

"Polisi, tukusaidie nini?" alisema Fundi, na sauti ikamtoka nzito kuliko alivyotarajia.

"Afande... majambazi... niko chooni, ghorofa ya kwanza... nina watoto, afande..."

"Kaa hapo hapo. Usitoke. Gari liko njiani."

"Mungu akubariki, afande. Akubariki wewe na kizazi chako."

Fundi akaweka simu, na uongo sitaki: alicheka. Kumbe kuombewa dua na mtu unayemwibia kuna utamu wake.

SAA 4:11

Ikalia mara ya tatu. Kwenye kioo kidogo cha simu ilitokea namba: 200. Swichibodi. Fundi akajiambia ni yule binti anayeshika zamu dada yake akiwa hayupo.

"Polisi, tukusaidie nini?"

Pumzi. Ndefu, ina kamluzi kadogo mwishoni. Aliijua. Alilala nayo kichwani mwake usiku mwingi wa homa, akiwa na miaka tisa.

"Mdogo wangu?" alisema dada yake.

Fundi akaukandamiza mkono wa simu sikioni.

"Mdogo wangu, ni wewe unayenijibu?"

Mlango ulipigwa teke kule juu. Mkono wa simu ukaanguka mezani kwa dada yake, na laini ikabaki wazi. Fundi akasikia kila kitu, safi kabisa. Mtambo wake haukuwa na hata chembe ya mkwaruzo.

Kisiki akanyanyua ule mkono wa simu. "Fundi. Ni dadako huyu?"

"Ndiyo."

"Kakujua?"

Aliyejibu alikuwa Shemeji, mbali kidogo na simu: "Huyo anamjua mtu kwa pumzi, mkubwa."

"Na wewe, baba watoto?" alisema dada yake, taratibu. "Asubuhi umenisindikiza mpaka kituo cha basi. Ukanifunga kamba ya kiatu."

Kisiki akacheka, kicheko kidogo kikavu.

"Ulisema kaenda kwa mamako."

"Asingekuja kazini siku ya tukio, wangemshuku yeye," alisema Shemeji. "Kisha wangenifikia mimi. Nilifikiria mbali."

"Umefikiria vizuri. Sasa fikiria na hili: anawajua wawili, na wawili mnanijua mimi. Mawe kwanza. Dakika nane. Tukishuka, unarudi humu unamaliza. Mkeo, mkono wako."

Fundi alisubiri shemeji yake apinge. Matusi, kilio, hata kigugumizi.

"Sawa," alisema Shemeji.

Tena neno lenyewe alilisema haraka.

"Simu tuzing'oe?" aliuliza.

"Za nini? Mwache apige mpaka kidole kiote sugu. Kila akipiga atampata mdogo wake." Kitasa kikazungushwa kwa nje.

SAA 4:14

Fundi alisimama mbele ya kabati. Taa za kijani kumi na sita, zote zinawaka vizuri. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Tusimpambe. Hakuruka mara moja. Alihesabu kwanza. Akiuzima, polisi watafika kwa dakika saba. Kituo hakiko mbali. Kisiki naye atajua nani kauzima. Asipouzima, atakuwa na sehemu yake ya mawe, na dada hatakuwepo wa kuuliza. Alisimama na hesabu hiyo dakika nzima, na ile dakika ndiyo hasa inayomtafuna mpaka leo, kuliko yote yaliyofuata.

Akashusha swichi ya umeme. Mtambo ukaegemea betri za zamani, taa hazikutetereka. Akachomoa fyuzi ya betri.

Feni ikapumua mara ya mwisho. Taa zikafa, safu kwa safu. Ukutani: tak!

Akabana nyaya za simu ya majaribio kwenye ile laini moja iliyo hai, akasikiliza. Dada yake alikuwa amelifanya zoezi lile mara nne kila mwaka. Bodi ikifa, inama, chini ya meza. Hakuchelewa. Fundi alisubiri maneno yao. Nipo hai.

Akasikia akipiga namba. Akasikia polisi wa kweli wakipokea.

"Jumba la vito," alisema dada yake kwa sauti ile ile ya kazini, kama anayeunganisha mteja. "Tumevamiwa. Wawili wako ghorofa ya pili, wana bunduki. Mmoja wao ni mume wangu." Akalitaja jina la mumewe. "Mwingine yuko chini, chumba cha simu, nyuma ya jenereta. Huyo ni mdogo wangu." Akalitaja lake, la baba na la babu, yote matatu, bila kukosea hata herufi. "Dereva sijamwona, lakini gari lao litakuwa la fundi wa simu. Njooni haraka, nimebakiza dakika chache."

SAA 4:22

Breki alisikia ving'ora kabla ya wote. Akaondoka peke yake, mlango wa nyuma ukipigapiga hewani.

Shemeji alikuwa ameshapanda tena swichibodi kummaliza mkewe. Mkewe alisukuma meza ikaziba mlango, kwa hiyo alifyatua kupitia ubao, risasi tatu. Mbili zilikula ukuta. Ya tatu ilichukua sikio la kushoto la mkewe, lote, kama jani. Polisi walimkuta Shemeji kwenye ngazi akishuka mbiombio, bunduki mkononi, na hawakumpa nafasi ya kuitupa.

Kisiki aliingia chumba cha mtambo na mfuko wa mawe begani. Akalitazama kabati lililokufa. Hakupandisha sauti hata hapo.

"Ulichomoa kwa mkono gani?"

Fundi alikuwa bado ameishika ile fyuzi, kwa mkono wa kulia. Kisiki akaubana mkono juu ya kistuli, kando ya 299, akaufyatulia katikati ya kiganja. Kisha akaweka bunduki chini, akaketi juu ya kasha na kuwasubiri polisi, mfuko mapajani, kama abiria.

MIAKA MIWILI BAADAYE, SAA 5:00 ASUBUHI

Gerezani kuna simu moja, kwenye korido, ukutani. Mfungwa mwenye tabia njema hupewa dakika tatu. Fundi alipiga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haufungi tena. Namba alikuwa nayo kichwani.

"Jumba la vito, habari za asubuhi."

Walikuwa wamemrudisha kwenye swichibodi. Fundi alikuwa ameyapanga maneno yake kwa miaka miwili, moja baada ya jingine, akayasugua mpaka yakang'aa. Yote yakamkimbia. Kikabaki kifua kinachopanda na kushuka.

Upande wa pili akasikia mkono wa simu ukisogezwa, ukabanwa vizuri kwenye sikio moja lililobaki.

"Polisi," alisema dada yake, taratibu. "Tukusaidie nini?"

Hakukata. Alisubiri jibu. Alikuwa na siku nzima.

Aliyeweka simu chini alikuwa Fundi, na dakika zake mbili akamwachia aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.