Hodi ya Tatu

Rafiki yangu Talib, wa mtaa wa Jadida, alinisimulia haya mwaka ule wa uchaguzi, na mpaka leo sijatulia.

Programu aliyokiandikia chama cha mazishi cha mtaani ilikuwa ikikubali kusajili marehemu asiye na jina. Akairekebisha iulize mara tatu, kama mtu apigaye hodi, isipojibiwa ijifunge. Mvua ilitia giza chumbani. Akachomoa kibodi ili pasiwe na jibu, akaijaribu programu.

Jina la marehemu? Kimya. Jina la marehemu? Kimya. Mara ya tatu vitufe vya kibodi ile vikagonga, tk, tk: Raniya Talib.

“Jina hilo,” Talib aliniambia, “mimi na mke wangu tulimchagulia mtoto aliye tumboni. Wallahi hatukumwambia mtu.”

Kompyuta ikauliza: Umri?

Vitufe vikagonga tena: Siku sita.